Imphal na Kohima, 1944: jeshi lililopanga kula chakula cha adui

Usiku wa Machi 15, 1944, divisheni mbili za jeshi la Japani ziliuvuka mto Chindwin, kaskazini-magharibi mwa Burma (Myanmar ya leo), zikielekea India. Ya tatu ilikuwa imetangulia wiki moja kabla, upande wa kusini. Jumla yao walikuwa watu wapatao 85,000. Kila askari alibeba mgongoni chakula cha wiki 3 hivi. Nyuma yao waliswagwa ng'ombe kwa maelfu, wabebe mizigo njiani kisha wachinjwe. Hilo lilikuwa wazo la Luteni Jenerali Mutaguchi Renya, mkuu wa Jeshi la 15, aliyevutiwa na habari za Genghis Khan na mifugo iliyofuatana na majeshi yake. Lakini Chindwin ni mto mpana wenye maji ya nguvu, na ng'ombe wengi walizama hata safari haijaanza. Waliovuka walikuta milima ya zaidi ya mita 2,000 na vijia vya kupita mtu na nyumbu. Ng'ombe wa bondeni, aliyezoea kuvuta mkokoteni taratibu shambani, hawezi njia ya namna hiyo. Waliteleza makorongoni na mchele waliobeba.

Nimeanza na ng'ombe kwa makusudi. Nimesoma habari za kampeni hii kwa miaka, na kila nikiirudia naona jambo lilelile: vita vya Burma viligeuka kwenye posho. Ushujaa ulikuwepo pande zote mbili, tena wa kutisha. Ila upande mmoja ulijua chakula cha kesho kitatoka wapi, na upande wa pili ulitegemea kukikuta kwenye ghala la mwenzake. Wahenga wetu walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa aliyetegemewa hakuwa hata ndugu.

Kuna sababu nyingine ya kuandika kisa hiki kwa Kiswahili. Waliowafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, baada ya mambo kugeuka, walikuwa askari wa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), na amri nyingi zilitolewa kwa lugha hii unayoisoma. Nitafika huko.

Mambo yalivyokuwa

Japani iliiteka Rangoon Machi 1942 na kuwafukuza Waingereza hadi mpaka wa India. Kwa kufanya hivyo ilikata barabara iliyokuwa ikipeleka silaha China. Kwa miaka miwili mpaka ulikuwa kwenye milima ya Manipur na Naga. Katikati ya milima hiyo kuna uwanda wa Imphal, ambako Waingereza walijenga viwanja vya ndege, hospitali, kambi na maghala kwa ajili ya kuirudia Burma siku moja. Chakula na risasi vilifika Imphal kwa barabara moja tu. Vilianzia Dimapur, kwenye reli, vikapanda kilomita 74 hadi mji mdogo wa Kohima, halafu vikateremka kilomita 130 na ushee hadi Imphal. Ghala la Dimapur peke yake lilikuwa na urefu wa kilomita 18 hivi na upana wa kilomita moja na nusu. Naomba msomaji akumbuke vipimo hivyo, kwa maana tutavirudia.

Mutaguchi alikuwa mtu wa vita tangu zamani. Kikosi chake ndicho kilichohusika na mapigano ya daraja la Marco Polo mwaka 1937, yaliyowasha vita kamili kati ya Japani na China, na mwaka 1942 aliongoza divisheni iliyopigana Malaya na Singapore. Huko ndiko alikojifunza somo lililokuja kumponza. Waingereza walipokimbia Malaya, na baadaye Burma, waliacha chakula, mafuta na malori. Wajapani walivikuta, wakavitumia na kuvipa jina la mgao wa Churchill. Mara ya kwanza ni bahati, mara ya pili inaonekana kama kanuni, na mara ya tatu mtu anaiandika kwenye mpango.

Walikuwepo waliomwonya. Mnadhimu wake mkuu, Meja Jenerali Obata, aliyekuwa mtaalamu wa usafirishaji, alisema wazi kwamba jeshi haliwezi kulishwa ng'ambo ya milima ile. Aliondolewa mwaka 1943. Januari 1944 Tokyo ikaridhia mpango.

Upande wa pili alikuwepo Luteni Jenerali William Slim, mkuu wa Jeshi la 14, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa Wahindi na Wagurkha, askari wa kutoka Nepal. Slim alikuwa ameongoza kurudi nyuma kwa mwaka 1942 na aliyajua maumivu ya kushindwa. Tangu ashike Jeshi la 14 alihangaika na mambo yasiyoandikiwa nyimbo. Mwaka 1943, kwa kila majeruhi mmoja aliyetolewa mstari wa mbele, wagonjwa 120 walitolewa kwa malaria, kuhara na homa nyingine. Akaagiza vidonge vya malaria vimezwe kwa lazima, akafanya ukaguzi wa ghafla wa askari, na aliwafukuza kazi makamanda watatu ambao watu wao walikutwa hawamezi. Kwangu mimi, hiyo nayo ni sehemu ya vita vya Imphal, ingawa haikupigwa risasi hata moja.

Uamuzi wa Slim

Mwanzoni mwa 1944 Slim alijua Wajapani wanakuja. Alikuwa na njia tatu mbele yake: awavamie kwanza ng'ambo ya Chindwin, awazuie kwenye mto, au arudi nyuma hadi uwanda wa Imphal awaache waje. Njia mbili za kwanza zilikuwa na sura nzuri zaidi mbele ya wakubwa na mbele ya magazeti. Akachagua ya tatu. Sababu yake ilikuwa ya hesabu. Akipigana kwenye mto, ni yeye atakayelishwa kwa njia ndefu ya milimani. Akipigana uwandani, mzigo huo unamhamia adui, na yeye anakuwa na maghala na viwanja vya ndege mgongoni.

Ilihitaji moyo. Jeshi lile lilikuwa limekimbia miaka miwili nyuma, na sasa linaambiwa lirudi tena, mara hii kwa makusudi. Lakini alikuwa na ushahidi wa karibuni. Februari 1944, kwenye pwani ya Arakan, Wajapani waliizunguka Divisheni ya 7 ya India. Zamani kuzungukwa maana yake ilikuwa kukimbia. Safari hii askari waliambiwa wabaki walipo, na ndege zikawadondoshea chakula na risasi kwa miavuli. Baada ya wiki tatu hivi waliokuwa wamezunguka ndio walioishiwa chakula, wakaondoka.

Slim alikosea pia, na baadaye aliyakiri makosa yake. Aliacha saa ya kurudi nyuma iamuliwe na wengine, na Divisheni ya 17 iliyokuwa Tiddim, kusini mwa Imphal, ilichelewa kuondoka. Wajapani wakaikata barabara nyuma yake, na ikabidi akiba karibu yote ya Imphal itumwe kuifungulia njia. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Alidhani milima ya kaskazini inaweza kupitisha kikosi kimoja tu kuelekea Kohima, na kumbe Divisheni ya 31 nzima ya Luteni Jenerali Sato Kotoku ilikuwa njiani. Kilichomwokoa ni brigedi ya askari wa miavuli waliokuwa kwenye kijiji cha Sangshak. Walishikilia pale karibu wiki moja mwishoni mwa Machi, wakapoteza watu wengi, na siku zile walizomchelewesha adui zikawa na thamani kuliko walivyoweza kujua wao wenyewe. Wakati huo Divisheni ya 5 ya India ilikuwa ikirushwa kwa ndege kutoka Arakan, pamoja na mizinga yake na nyumbu wake, na kushushwa moja kwa moja vitani.

Machi 29 barabara ya Imphal kwenda Kohima ilikatwa. Imphal ikawa kisiwa.

Kohima: bekari na uwanja wa tenisi

Kohima ulikuwa mji wa utawala kwenye mgongo wa mlima. Palikuwa na nyumba ya mkuu wa wilaya, Charles Pawsey, ambaye huku kwetu tungemwita Bwana DC. Palikuwa na hospitali, karakana, bohari na bekari ya jeshi. Watu wapatao 2,500 walikuwemo, 1,000 hivi kati yao wakiwa makarani, wapishi, wagonjwa na wafanyakazi. Wapiganaji hasa walikuwa 1,500 hivi: batalioni ya 4 ya Royal West Kent, Kikosi cha Assam na vikundi vidogo. Mbele yao palikuwa na divisheni nzima.

Kuanzia Aprili 4 eneo walilolishika likawa linapungua kila siku, kilima baada ya kilima. Majina ya vilima vile yanaeleza mengi, maana vingine viliitwa kwa bohari za vyakula zilizokuwa juu yake. Usiku mmoja Wajapani walipenya hadi kwenye bekari, wakajificha ndani ya matanuri ya mikate. Koplo kijana, John Harman, aliingia akaenda tanuri moja baada ya jingine akitupia bomu la mkono. Kesho yake aliushambulia peke yake mtaro wenye bunduki ya rashasha, akaukamata, kisha akapigwa risasi akirudi. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, akiwa amekwisha kufa.

Chemchemi kuu ilichukuliwa na adui, na maji yakawa ya kupimwa. Majeruhi walilala kwenye mitaro ya wazi, wengine wakijeruhiwa mara ya pili na ya tatu hapohapo walipolala. Mwishowe pande mbili zilitenganishwa na uwanja wa tenisi wa Bwana DC, kila mmoja kwenye ukingo wake, umbali wa kurusha bomu kwa mkono. Ndege zilidondosha mizigo, na kwa sababu eneo lilikuwa dogo sana mingine ilianguka mikononi mwa Wajapani. Pawsey hakuondoka. Wanaga, wenyeji wa milima ile, walimjua na kumwamini, na kwa wiki zote zile waliwaongoza askari njia za milimani, walibeba majeruhi na kuleta habari za adui. Ilikuwa nchi yao iliyokuwa ikiteketea, katika ugomvi ulioletwa na wageni wawili, na mchango wao hausemwi vya kutosha.

Aprili 18 kikosi cha kwanza cha msaada kilifika, na siku mbili baadaye walinzi wa Kohima wakapokewa. Mapigano yenyewe yaliendelea hadi Juni. Uwanja wa tenisi ulitwaliwa Mei 13, baada ya kifaru kuburutwa hadi pale kwa njia iliyochongwa na tingatinga.

Nafasi iliyopotea

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo kwa maoni yangu. Sato alipofika Kohima, siku 20 zilikuwa zimekwisha na chakula chake nacho kimekwisha. Ghala kubwa kuliko yote mashariki mwa India lilikuwa mbele yake, Dimapur, kilomita 74 kwa barabara, na siku zile za mwanzo Dimapur ilikuwa na wapiganaji wachache mno. Slim mwenyewe aliandika kwamba alimshangaa Sato kwa kung'ang'ania Kohima badala ya kuacha kikosi kidogo pale na kusonga mbele.

Lakini lawama hii si ya Sato peke yake. Mutaguchi alipoagiza Dimapur ifuatwe, mkubwa wake wa Rangoon, Luteni Jenerali Kawabe, aliitengua amri kwa sababu Dimapur haikuwemo kwenye malengo yaliyokubaliwa. Tazama mkanganyiko huo. Mpango wote ulisimama juu ya kula chakula cha adui, na ghala pekee lililoweza kulisha jeshi zima liliachwa nje ya mpango. Kama Dimapur ingetekwa, Imphal ingekosa reli, na hata ndege za kuilisha China kutokea Assam zingekuwa hatarini. Baada ya wiki ya pili ya Aprili nafasi ile ilifungwa, kwa kuwa Divisheni ya 2 ya Uingereza ilikuwa ikishuka kwenye treni.

Imphal nayo iliishi kwa ndege. Mgao wa askari ulipunguzwa, na wasiokuwa wapiganaji walisafirishwa nje ili midomo ipungue. Hadi mzingiro unakwisha, ndege zilikuwa zimeingiza tani 19,000 hivi za mizigo na askari 12,000, na kutoa majeruhi 13,000 pamoja na watu wengine 43,000. Mountbatten, mkuu wa majeshi ya Washirika Kusini-Mashariki mwa Asia, ilimbidi achukue kwa muda ndege zilizotengwa kwa ajili ya China. Bila uamuzi ule wa ofisini, uvumilivu wa mitaroni usingefika popote.

Mei mvua zikaanza. Pepo za kusi, ambazo wavuvi wa pwani yetu wanazijua kwa kuchafua bahari, ndizo hizo zinazopanda hadi Manipur na kumwaga mvua usiku na mchana. Vijia vya milimani vikawa mito ya matope. Askari wa Sato walikula majani, konokono na machipukizi ya mianzi. Sato alituma simu baada ya simu kudai mchele na risasi alivyoahidiwa, asipate. Mwisho wa Mei akafanya jambo ambalo kamanda wa divisheni wa Kijapani hakuwahi kulifanya: aliondoa watu wake kinyume cha amri. Alitaka apelekwe mahakama ya kijeshi ili aseme yote hadharani. Wakubwa wakaona heri kutangaza kwamba akili yake imeharibika. Nikimfikiria Sato namwona mtu aliyekataa kuwaua watu wake kwa ajili ya uso wa mkubwa, na simwoni mwoga.

Mutaguchi aliwaondoa makamanda wake wote watatu wa divisheni ndani ya kampeni moja. Mapema Juni Kawabe alimtembelea. Wote wawili walijua mambo yameharibika. Walikaa, wakazungumza, na hakuna aliyetamka. Mutaguchi alieleza baadaye kwamba neno la kurudi nyuma lilimfika kooni likakataa kutoka, akatumaini mwenzake atalisoma usoni mwake. Kawabe hakulisoma, au hakutaka kulisoma. Ruhusa ya kurudi nyuma ilitolewa Julai. Mwezi mzima watu waliendelea kufa milimani kwa sababu wazee wawili waliona haya.

Juni 22 askari waliotoka Kohima na waliotoka Imphal walikutana barabarani kwenye jiwe la maili 109. Mzingiro ukaisha.

Waliofuata nyuma

Katika wale Wajapani 85,000, waliokufa, kujeruhiwa na kupotea walizidi 50,000. Waliokufa peke yao walikaribia 30,000, wengi kwa njaa na maradhi. Upande wa Waingereza na Wahindi hasara ilikuwa kama 17,000. Hadi siku hiyo jeshi la Japani halikuwa limewahi kushindwa vile nchi kavu. Pamoja nao walikwenda askari elfu kadhaa wa Subhas Chandra Bose, Wahindi waliotaka kuikomboa nchi yao kwa msaada wa Japani, nao njaa haikuwabagua.

Agosti, kazi ya kuwafukuza waliobaki ilipewa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes. Hawa ndio keya, askari wa KAR (King's African Rifles). Baadhi yao walikuwa wamekwisha kupigana Ethiopia mwaka 1941, kisha wakafanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo). Kuvuka Bahari ya Hindi kwenyewe kulikuwa vita. Februari 12, 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives ikazama chini ya dakika 3. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki ambao hawakuiona Burma.

Askari wa divisheni hii walipoingia Tamu walikuta mji wa wafu. Maiti kwa mamia zilikuwa zimelala bila kuzikwa ndani ya nyumba, mbele ya hekalu, kwenye malori yaliyokwama. Walipita hapo wakashuka bonde la Kabaw, ambalo kwa malaria na homa ya utitiri wa majanini liliogopwa kuliko risasi. Mvua ilikuwa haijakatika. Walitandika magogo juu ya tope ili malori yapite, na tope lilipoyameza magogo walibeba mizigo kwa vichwa na mabega. Walilishwa kwa miavuli kutoka angani, na waliipata posho yao. Novemba walikutana Kalemyo na Divisheni ya 5 ya India, na Desemba 2 wakaingia Kalewa, kwenye ukingo wa Chindwin.

Mmoja wa keya waliofika Burma alikuwa Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana Kenya kama Jenerali China wa Mau Mau. Wengi zaidi walirudi vijijini kimya kimya, wakazeeka na kuzikwa bila mtu kuwauliza walichokiona Tamu. Inaniuma kila nikiandika sentensi hii, kwa sababu wajukuu wao wapo, na wengi hawajui kwamba babu alikuwa sehemu ya ushindi ambao Waingereza wenyewe, mwaka 2013, waliupigia kura kuwa vita vikubwa kuliko vyote walivyowahi kupigana.

Pale Kalewa keya walivuka mto na kushika ng'ambo, na nyuma yao mafundi wa jeshi wakaanza kuunganisha daraja la vyuma juu ya maboya. Lilikuwa na urefu wa mita 350 hivi, na wakati huo hapakuwa na daraja la aina hiyo refu kuliko hilo duniani. Lilikamilika Desemba 10. Malori ya chakula, risasi na mafuta yakaanza kupita juu ya Chindwin kwenda mashariki, kuelekea Mandalay na Rangoon, juu ya mto uleule uliomeza ng'ombe wa Mutaguchi miezi tisa kabla.